Mashahidi Wanne wa Jina la Mtondooni

Siku niliyokukalisha juu ya kaunta ya ofisi ya watu, Rahma mwanangu, ulikuwa na miezi saba na meno mawili. Wewe huikumbuki. Mimi naikumbuka mpaka ubaridi wa kile kioo cha kaunta, maana nilikilalia kwa viwiko muda mrefu kabla ya kushindwa.

Tulikuwa tumetoka Pemba na boti ya asubuhi, wewe kifuani, mfuko wa nepi begani, na mkononi bahasha yenye barua ya sheha na majina ya watu wa kijiji chetu, kurasa sita, kila mmoja katia saini au dole gumba. Ilikuwa ofisi ya Unguja mjini inayopokea mambo ya majina ya mtandao. Yule dada wa kaunta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti ya upole na kucha za hina. Akatazama kwenye mashine yake akaniambia:

"Dada, jina hili kwenye mfumo ni la mtu binafsi. Lilikuwa la mtu anaitwa Seif. Seif kaliachia kwa hiari yake. Sasa ni la kampuni."

"Mtondooni ni kijiji," nikamwambia. "Hakijawahi kuwa cha Seif."

"Kijiji hakimo kwenye mfumo."

"Mimi je?"

Akaandika jina langu, akangoja, akatikisa kichwa. "Na wewe humo."

Basi hapo ndipo. Subira niliyokuwa nayo, na nilikuwa nayo nyingi kuliko watu wanavyonidhania, ikaisha. Nikakutoa kwenye kanga nikakuweka juu ya kaunta, baina yake na mashine yake.

"Basi mwandike huyu," nikasema. "Kazaliwa Mtondooni, kitovu chakwe kimezikwa Mtondooni. Mpe namba. Akikua atakwenda mwenyewe kuwauliza hao wa kampuni wamelala kwenye kitanda cha nani."

Wewe ukaukamata muhuri wake ukautia mdomoni. Foleni nzima ikacheka. Mzee mmoja nyuma yangu akapaza sauti: "Mpeni mtoto jina lakwe, yakhe, miguu inatuuma!" Yule dada naye akacheka, lakini cheko lake lilikuwa la kunihurumia, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilisema maneno ambayo sitakuandikia hapa. Mlinzi akanitoa nje. Alinibebea na mfuko wa nepi, kwa adabu, kama anayemsindikiza mgeni.

Mwanangu, mimi si mzee. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nina miaka thelathini na moja, na bado nagombana na watu sokoni. Nasaha za namna hii zilitakiwa ziandikwe na mtu mwenye mvi. Lakini wazee wetu hawakuujua mtandao, na wanaoujua mtandao hawakuwasikiliza wazee wetu, kwa hiyo kazi imeniangukia mimi. Nisikilize hivyo hivyo na ukali wangu.

Bibi yako Raya, yaani mama yangu, aliondoka Mtondooni nikiwa na miaka tisa. Kaenda Muscat kufanya kazi za nyumbani kwa watu. Alinisuka nywele asubuhi ile, mistari midogo midogo ili ikae muda mrefu, na mimi nilikataa kuifumua mpaka kichwa kikaanza kunuka na Bibi Mize akanishika kwa nguvu. Bibi Mize ni mama yake mama. Yeye ndiye aliyenilea. Tangu siku ile mama karudi mara mbili tu, na mara zote mbili kuondoka kwakwe kulikuwa kubaya kuliko mara ya kwanza.

Mama hakukaa sana skuli. Herufi anazijua moja moja, kama mtu anayejua watu wa mtaa kwa sura bila ya kujua majina yao. Simu ilimsaidia kutusikia, lakini mwajiri wake hakupenda simu siku za kazi; siku yake ilikuwa Ijumaa mchana. Tulikuwa na kundi la WhatsApp la watu wa Mtondooni, wa hapa na walio nje. Ukaja uchaguzi. Wa chama hiki wakatoka wenyewe, wa chama kile wakatolewa, na mwenye kundi akalifunga akaenda zake. Sauti zote za miaka miwili, salamu, tanzia, kicheko cha watu ambao wengine wameshakufa, zikapotea naye.

Ndipo sisi wanawake tunaosuka pamoja kwenye chumba cha mikeka tukasema tupate mahali petu mtandaoni, pasipokuwa na mtu wa kumtoa mwenziwe. Nilikuwa nimesoma kozi ya kompyuta Wete, pale Jadida, kwa Mwalimu Chumu, mwanamke mfupi mwenye miwani asiyesahau kosa la mwanafunzi. Nikajua ya kutosha. Kila Ijumaa baada ya sala Bibi Mize anakaa kwenye mkeka, namrekodi: nani kazaa, nani kafariki, nani kaposwa, bonde lina maji kiasi gani. Mwisho anawataja walio mbali mmoja mmoja kwa majina yao na ya mama zao. Tukaziita Salamu za Ijumaa. Anuani ilikuwa jina la kijiji chetu na herufi za nchi mwishoni. Nilimfundisha mama kuliandika kwa simu, herufi kwa herufi, kwa wiki tatu. Ndilo neno la kwanza nililowahi kumuona, au kumsikia, akiliandika lote bila ya kukosea.

Sasa kosa. Nakuomba ulisome polepole.

Wakati wa kusajili jina, fomu ilitaka mwenye jina. Mmoja, mwenye kitambulisho, anuani ya mjini na kadhalika. Sisi tukamfikiria Ami Seif, binamu yake baba, mwenye duka la kompyuta Unguja. Mtu mzima, mcha Mungu, mwenye kusaidia. Akajaza jina lake. Mimi nilitaka kumuomba atuandikie karatasi, mistari miwili tu, kwamba jina ni la kijiji na yeye kashikishwa. Kalamu nilikuwa nayo. Nikaona haya. Kumuomba ami yako karatasi! Kwetu Pemba hilo ni sawa na kumwambia mbele ya watu kwamba humuamini. Tukamwambia, "Hii ni amana, Ami." Naye akasema, "Amana, wanangu." Tukala wali kwa mchuzi wa papa, tukaondoka tumefurahi.

Miaka miwili baadaye, Ijumaa moja, mama akanipigia. Wewe ulikuwa bado tumboni. Hakusalimia.

"Zuwena," akasema, "nimefungua kwetu nimekuta wageni."

Sikumfahamu. Akanieleza: kaandika jina kama siku zote, na badala ya mkeka na Bibi Mize katokea mwanamke wa kizungu kavaa nguo ya kuogelea, kanyoosha miguu kwenye kiti, mbele ya bwawa la maji ya buluu. "Labda nimeandika vibaya," akasema. Kaandika mara tano. Mara ya tano, aliniambia, alihisi labda kijiji kimeuzwa na sisi tumeona vibaya kumwambia.

Nilimpigia Ami Seif. Hakuniongopea hata kidogo. Kampuni moja ilikuwa na nia ya kujenga hoteli upande wa pwani yetu, ikalitaka jina. Wakamfuata dukani, watu wazito, wamevaa vizuri, wamekuja na mtu anayemheshimu. Wakamwekea karatasi ya kuliachia. "Niliona haya kuwakatalia, mwanangu," akasema. "Nikadhani ni maneno tu. Nikadhani nyinyi mtachagua jengine." Alikuwa analia. Nami nilikuwa na hasira hata kilio chake kikanichosha.

Nilikaa na jambo hilo mpaka ukazaliwa, mpaka ukaanza kukaa mwenyewe. Niliandika barua, nilipiga simu, nilizungushwa. Mwisho wake ndio ile kaunta.

Tuliporudi kutoka Unguja nilimkuta Bibi Mize jikoni anapepeta mchele. Nikamwambia yote, na mimi nikitarajia apoze moyo wangu. Hakupoza. Akaweka ungo chini.

"Jaluba langu la mpunga, lile la kando ya mkondo," akasema, "linashikwa na watu wangapi?"

"Wanne, Bibi."

Hapa nikueleze, maana wewe bondeni unakwenda kucheza tu. Bonde letu halina ua wala jiwe la mpaka. Matuta yanayotenga majaluba yanabomoka kila masika. Ila kila jaluba lina jina lake, na majina hayo na wenyewe wanashikwa kichwani na wanawake wanne, mashahidi wa bonde, wa nyumba nne ambazo hazijaoleana. Kabla ya kupanda wanapita bonde zima kwa miguu. Mmoja anataja, "Hili ni la fulani binti fulani," watatu wanaitika, "Ndivyo." Asipoitika hata mmoja, wote wanasimama papo hapo kwenye tope mpaka waelewane. Akifa mmoja, watatu wanamchagua mwengine. Hajapata mtu kuibiwa jaluba.

"Wanne," Bibi akarudia. "Na lile ni tope. Jina la mji mzima mmempa mtu mmoja?"

"Bibi, ni Ami Seif."

"Namjua Seif. Nilikuwepo akizaliwa, mamaake alinitafuna mkono. Sikuulizi ni nani. Nakuuliza ni wangapi."

Nikaanza kuokota punje zilizomwagika.

"Na karatasi hamkumuomba."

"Tuliona haya."

"Na yeye kaona haya kwa wale. Haya yenu na haya yake, ndizo zilizoutoa mji." Akachukua ungo wake. "Kasirika, huna dhambi. Lakini usimkasirikie yule binti wa kaunta. Yeye kaona kitabu kina mstari mmoja, kasoma mstari mmoja."

Niliondoka pale nimenuna. Nilimchukia kwa siku mbili nzima, bibi yangu mwenyewe. Siku ya tatu nilikwenda Jadida kwa Mwalimu Chumu.

Mwalimu alinieleza nilichokuwa nakijua nusu. Kila mahali kwenye mtandao pana namba ndefu isiyokaa kichwani. Jina limewekwa ili watu wasikariri namba. Na lipo daftari linalosema jina hili namba yake ni hii. Ukiandika jina, simu inakimbilia kuuliza daftarini. Kwa hiyo anayeshika daftari, mwanangu, hana haja ya kuja kuvunja nyumba yako. Anabadilisha mstari mmoja. Nyumba ipo palepale, watu wako wamo ndani wamekaa, lakini kila anayeuliza njia anapelekwa kwa mwengine.

"Na lazima simu iulize daftari lile?" nikamuuliza.

Akavua miwani. "Nani kakwambia lazima?" akasema. "Simu inauliza inapoambiwa iulize. Tatizo la kuwa na daftari lako ni moja tu. Nani atakuamini?"

Nikamwambia habari ya mashahidi wa bonde. Akacheka peke yake. "Miaka yote hii nafundisha," akasema, "na jibu liko kwenye mpunga."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Visanduku vinne, kila kimoja kiasi cha kibati cha halua, vimetengenezwa kwa kompyuta ndogondogo ambazo Mwalimu alikuwa anafundishia. Kimoja Mtondooni, chumba cha mikeka, nakishika mimi. Kimoja Jadida kwa Mwalimu Chumu. Kimoja Madungu, Chake Chake, kwa Bi Sharifa, mshonaji, ambaye babu zake walikuwa na mashamba ya mikarafuu na yeye ana cherehani na ulimi mtamu. Na kimoja Tumbe kwa Bi Kazija, mchuuzi wa samaki, ambaye anasikika kabla ya kuonekana. Nyumba nne hazijaoleana. Kila kisanduku kina daftari zima la majina, si robo. Jina haliingii mpaka mmoja alitaje na watatu waitike, "Ndivyo." Kila Alkhamisi asubuhi tunapigiana simu, tunapita daftari kama wazee wanavyopita bonde. Kisanduku kimoja kikidanganya, vitatu havikifuati. Na simu ya mtu ikibadilishwa mpangilio kidogo, inakuja kuuliza kwetu.

Watu walitucheka, usidhani. Sheha alikuja siku ya mkutano wa pili akasimama mlangoni.

"Hodi. Mkutano huu wa chama gani?"

"Karibu, Sheha," akasema Bi Kazija, anasuka ukili wa mkeka huku miguu kainyoosha. "Chama cha wenye kwao. Kadi hatuna. Kaa unywe chai."

Akakaa. "Na ofisi ya majina imewapa ruhusa?"

"Sheha wangu, mwanao wa mwisho ulipomuita Hamad uliomba ruhusa wapi?"

"Kwa mamaake," akasema Sheha, na chumba kizima kikaangua kicheko. Tangu siku ile akawa wetu, ingawa kila akipita huuliza kwa sauti kubwa kama tumeshamaliza siasa zetu.

Haikuwa kazi safi. Umeme ulikuwa unakatika. Tumbe radi ilipiga, kisanduku cha Bi Kazija kikaungua, akakileta Mtondooni kimefungwa kwenye gunia la barafu la samaki, ananuka dagaa, analia kama kafiwa. Tukakijaza upya kutoka vile vitatu, hakuna jina hata moja lililopotea. Siku ile ndiyo niliyoamini. Mpaka hapo nilikuwa nafanya kwa hasira tu.

Na kisima cha nyuma ya msikiti kilituchukua wiki mbili, kwa sababu kina majina mawili na kila upande wa kijiji unaapa lake ndilo la haki. Tuliandika yote mawili. Kwenye lile daftari la mbali jambo hilo lisingewezekana. Kwetu liliwezekana kwa kikombe cha chai.

Ikaja Ijumaa ya mama. Binti wa mwajiri wake, ambaye mama kamlea tangu anatambaa, ndiye aliyembadilishia mpangilio wa simu. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa simu nyengine ya msichana huyo. Nilimsikia mama anazitaja herufi kwa sauti ya chini, moja moja, kama anayehesabu ngazi za nyumba ambayo hakuingia siku nyingi. Kisha nikaisikia sauti ya Bibi Mize inatoka Muscat inanirudia mimi Pemba: "Assalaam alaykum, watoto wangu mlio mbali..."

Mama alisikiliza mpaka Bibi akamaliza kutaja majina. Jina lake lilikuwa la nne. Halafu akasema, "Kumbe bado anakohoa vile vile kabla ya kusema."

Hayo tu. Nikaweka simu chini nikakunyonyesha.

Bibi Mize alifariki masika yaliyofuata, baada ya kupita bonde. Siku hiyo, Alkhamisi, nilimpigia mama mchana kutwa, simu yake imezimwa kama kawaida ya siku za kazi. Ijumaa nikakaa kwenye mkeka wake, kwa sababu Salamu haziwezi kukosekana, nikajirekodi. Nilianza, "Assalaam alaykum." Sikuwa nimefika kwenye habari yenyewe. Mama aliponipigia baadaye aliniambia hakusikia zaidi ya pale. Kasikia sauti yangu mahali pa sauti ya mamaake, akajua, akazima.

Hakuruhusiwa kuja. Mpaka leo hajaja. Kila Ijumaa husikiliza salamu mpya, kisha hurudi kwenye zile za zamani, anachagua moja ya Bibi, anasikiliza kile kikohozi cha mwanzoni. Na wewe mwanangu unamjua bibi yako Raya kwa sauti, unambusu kwenye kioo cha simu mpaka kinachafuka mate. Nilimuuliza mwaka huu atarudi lini. Akasema, "Nikikaa nikiisikia Mtondooni, naona kama nimetoka kidogo tu." Nikamuaga haraka, kwa sababu nilitaka kupiga kelele.

Utaniuliza, kama mama anasikia, unagombania nini tena? Nagombania wale wengine. Tuna watu Mombasa, Dubai, Dar es Salaam, ambao hatujawafikia simu zao. Na wajukuu zao wasiotujua kabisa, ambao siku moja watakaa waandike jina ambalo wazee wao walikuwa wakilitaja wanapoumwa. Wataandika vizuri, bila ya kosa, na watakuta bwawa la kuogelea. Hoteli yenyewe haijajengwa mpaka leo. Lipo bwawa la kwenye picha tu, limekalia jina letu.

Kwa hiyo mwaka huu nilirudi kaunta ileile. Wewe safari hii ulikwenda kwa miguu yako, umevaa viatu vya Idi. Yule dada alikuwepo, kanenepa kidogo. Akakutazama akacheka: "Huyu ndiye aliyekula muhuri wangu?" Nikamsalimia vizuri. Nilikuwa nimemkumbuka Bibi njia nzima kwenye boti.

Akanipa fomu. Palipoandikwa mwenye jina niliandika majina manne, yakatoka nje ya kisanduku yakapanda ukingoni mwa karatasi.

"Dada, nafasi ni ya mmoja," akasema.

"Ndilo lalamiko lenyewe hilo," nikamwambia. "Soma barua yetu hii."

Akaisoma yote amesimama, na watu nyuma yangu wanaguna. Akaiangalia mara ya pili. Kisha akagonga muhuri, akanipa nakala, akasema polepole kwamba na yeye kwao ni kijijini.

Jibu halijaja. Huenda likaja nikiwa na mvi za kweli, huenda usomapo haya wewe ndiye unayelingoja. Basi nikuusie. Kitu cha wengi usimkabidhi mmoja, hata akiwa mimi, hata akiwa mtu unayempenda kuliko wote, kwa sababu siku moja atakuja mtu wa kumtia haya na atakuwa peke yake. Ukimuomba mtu wako karatasi humtukani. Unamlinda na siku hiyo. Ningemuomba Ami Seif mistari miwili, leo angekuwa anakuja kula kwetu Idi badala ya kututumia salamu kwa watu. Ukikuta kitabu hakina jina lako, usikubali kwamba hupo. Andika chako, na utafute watatu wasiokuwa jamaa zako wa kuitika. Na hasira yako, mwanangu, maana utakuwa nayo, damu ni moja, usiimalize yote kaunta. Ibakishe ya kuandikia.

Mungu akukuze, Rahma. Akupe sauti ya Bibi Mize na subira niliyoikosa mimi. Akufanye mtu wa kutajwa Ijumaa na akaitikiwa. Na akuoneshe bibi yako Raya anashuka kwenye boti kwa miguu yake, kabla hujafika kimo changu. Amin.

Nakala ya barua nakuwekea hapa. Itunze.

*

KUHUSU: LALAMIKO JUU YA JINA LA KIJIJI CHA MTONDOONI, PEMBA

Sisi tuliotia saini hapa chini ni mashahidi wa jina la Mtondooni. Tunalalamika ifuatavyo.

Jina la kijiji chetu liliandikwa kwa mtu mmoja kwa sababu fomu yenu ina nafasi ya mtu mmoja. Mtu huyo alipotakiwa kuliachia aliliachia, na hamkumuuliza mwengine yeyote. Hatumlalamikii yeye. Tunailalamikia fomu.

Hatukuja kuomba tupewe jina, kwa kuwa tunalo tangu kabla ya ofisi yenu. Tunaomba daftari lenu liseme kweli. Tunaomba jina la mahali lisitolewe wala kuhamishwa mpaka waulizwe watu wa mahali hapo, wasiopungua wanne, wa nyumba mbalimbali, na waitike wote.

Mpaka hapo tutaendelea kutumia daftari letu wenyewe, na tunakuarifuni hivyo waziwazi ili isije kusemwa kwamba tulijificha.

Mkitaka ushahidi, njooni kabla ya kupanda mpunga. Tutakupitisheni bondeni. Vueni viatu.

Zuwena binti Hamad, Mtondooni
Kazija binti Faki, Tumbe
Chumu binti Juma, Jadida
Sharifa binti Nassor, Madungu

Nakala: Sheha wa Mtondooni.
Nakala: Bi Raya, Muscat, ambaye aliandika jina la kwao bila ya kukosea, akakuta wageni.